Kazi ya Mshauri Mkuu wa Sheria katika Halmashauri ya Mambo ya Kazi

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Kamati imetuomba tuseme juu ya ofisa mmoja wa Marekani ambaye jina lake halisikiki sana hata kwao. Cheo chake kwa lugha yetu twaweza kukiita Mshauri Mkuu wa Sheria wa Halmashauri ya Taifa ya Uhusiano wa Kazi. Ni jina refu, nasi kwa ruhusa yenu tutamwita Mshauri Mkuu basi. Yamkini mwanachama atauliza, sisi tunaoshinda mezani na faili zetu tuna haja gani na ofisa wa nchi ya mbali? Jawabu tutalitoa kwa kisa kidogo.

Katika ofisi moja tuliyopata kuitumikia alikuwapo karani mwenzetu aliyerukwa katika nyongeza ya mshahara wa mwaka. Aliandika barua ya malalamiko kwa adabu na kwa njia iliyo halali, yaani kupitia kwa mkubwa wake. Mkubwa yule hakuikataa barua wala hakuikubali. Aliitia katika trei, juu yake zikaja karatasi nyingine, na nyingine tena. Mwenye mamlaka ya kuamua, aliyekaa katika jumba jingine, alikuwa mtu mwenye haki, na twasadiki kwamba angaliisoma barua ile angaliitengeneza habari siku ile ile. Lakini haikumfikia. Mwenzetu alingoja hata akahamishwa, na nyongeza yake hakuipata. Hapo ndipo tulipofahamu vema kwamba yule anayeamua karatasi ipi ipande na ipi ilale ana nguvu juu ya haki za watu kuliko wanavyodhani watu wa nje ya ofisi. Mshauri Mkuu wa Marekani ni mwenye trei ya namna hiyo, ila trei yake imewekwa na sheria.

Asili ya habari yenyewe ni mwaka 1935. Kabla ya mwaka ule, katika viwanda vingi vya Marekani tajiri aliweza kumfukuza mtu kwa kuwa tu amejiandikisha katika chama cha wafanya kazi, na mtu yule hakuwa na pa kulilia. Tarehe 5 Julai 1935 Rais Roosevelt alitia sahihi sheria iliyoletwa na Robert Wagner, mjumbe wa New York katika Baraza la Seneti. Sheria ile iliwapa wafanya kazi haki ya kuunda vyama na kupatana na tajiri kwa mikono ya wajumbe wao, ikamkataza tajiri kuwazuia, kuwafukuza kwa ajili hiyo, au kukataa kukaa nao mezani. Ili isiwe maneno matupu, ikaundwa Halmashauri ya watu 3 ya kuyasikia mashauri. Wako waliotolewa nje ya sheria hiyo: wafanya kazi wa mashamba, watumishi wa nyumbani, na watumishi wa serikali. Hawa wa mwisho ni jamaa zetu kwa kazi, nasi tutawarudia.

Wakati huo Mshauri wa Sheria alikuwa mtumishi wa Halmashauri, akifanya alivyotumwa. Wa kwanza alikuwa Charles Fahy. Mawakili wakubwa wa matajiri walikuwa wakiwaambia wateja wao kwamba sheria hii si halali na Mahakama Kuu itaitupa. Basi Fahy na vijana wake hawakukimbilia mahakamani na kila shauri lililokuja, walichagua. Walipeleka kiwanda kikubwa cha chuma cha Jones & Laughlin, chenye watu wengi sana; wakapeleka na kiwanda cha kutengeneza matela ya malori, na kiwanda cha nguo cha Virginia, na shirika la kutangaza habari, na kampuni ya mabasi. Kubwa na dogo, kila moja likiwa na jambo lake la kuuonyesha ubavu wa sheria. Tarehe 12 Aprili 1937 hukumu za mashauri yote 5 zikatoka siku moja, na Halmashauri ikashinda yote. Katika shauri la chuma waamuzi 5 walikuwa upande huu na 4 upande ule. Watu 10 waliofukuzwa katika mji wa Aliquippa wakawa na haki ya kurudishwa kazini. Twaona kwamba pale hekima ya waamuzi ilisaidiwa sana na hekima ya yule aliyepanga ni faili zipi zitangulie.

Lakini sheria ile ilikuwa na kidonda chake. Halmashauri ile ile ilipokea malalamiko, ikayachunguza, ikamshtaki tajiri, kisha ikaketi kitini ikamhukumu. Matajiri walilia kwamba hiyo ni kesi ya nyani kupelekewa ngedere. Hata katika vyama vya wafanya kazi wenyewe, shirika moja kubwa lilinung'unika kwamba Halmashauri inalipendelea shirika jingine. Baadhi ya maneno hayo yalisemwa kwa chuki ya sheria yenyewe, hilo hatulifichi. Walakini neno likisemwa na mwenye chuki laweza kuwa na kweli ndani yake. Sisi wenyewe hatungependa mtu aliyeandika mashtaka juu yetu ndiye akae mezani kuamua kama tufukuzwe.

Mwaka 1947 sheria ikageuzwa. Rais Truman aliikataa sheria mpya, lakini Bunge likampita, na tarehe 23 Juni ikawa sheria pasipo ridhaa yake. Mengi yaliyomo vyama vya wafanya kazi viliyachukia, na baadhi yake wanayachukia hata leo. Kwa habari ya ofisa wetu, sheria iliongeza wajumbe wa Halmashauri wakawa 5, kisha ikamtenga Mshauri Mkuu mbali nao. Tangu hapo huteuliwa na Rais kwa kukubaliwa na Seneti, kwa muda wa miaka 4. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho katika kuyachunguza malalamiko, katika kutoa hati ya mashtaka, na katika kuiendesha hati hiyo mbele ya Halmashauri. Mawakili na watumishi wa ofisi za mikoani wako chini yake. Mahakimu wanaosikiliza mashauri hawamo. Mwaona basi kwamba jina lake limebaki la zamani na kazi yake ni nyingine. Anaitwa mshauri, naye kwa kweli ni mshtaki wa umma.

Na tufanye mfano. Mwanamke anafua shuka katika hoteli. Amepita kwa wenzake akikusanya sahihi za kutaka chama, na siku ya tatu yake anaambiwa kazi imekwisha. Anayo miezi 6 ya kupeleka lalamiko. Ikipita hiyo mlango umefungwa. Anakwenda ofisi ya mkoa, anaandika fomu, hatozwi hata senti. Angalieni kwamba pasipo fomu ile Mshauri Mkuu hawezi kuinuka. Hata akisoma gazetini kwamba watu 100 wamefukuzwa kwa ajili ya chama, sheria haimruhusu kuanza mwenyewe. Lazima mtu aje amwambie. Mchunguzi atawahoji mwanamke yule na mashahidi wake, atamwuliza tajiri, kisha mkuu wa ofisi ya mkoa atapima. Akiona lipo jambo, atawataka wapatane kwanza, na kwa kweli mengi huishia hapo kwa mapatano. Yakishindikana, hutolewa hati ya mashtaka kwa jina la Mshauri Mkuu. Shauri husikilizwa na hakimu wa idara, likitoka hapo huenda kwa Halmashauri, na baada ya Halmashauri mahakama ya rufani.

Hapa pana uzuri ambao hatutaki kuupita upesi. Hoteli ina mawakili wa kulipwa. Dobi hana kitu. Mshauri Mkuu analibeba shauri kwa gharama ya serikali, na wakili wa umma anasimama mahali ambapo mwanamke yule asingeweza kusimama peke yake. Tena akishinda, dawa yake ni kurudishwa kazini na kulipwa mshahara alioukosa, hali wanapunguza alichochuma kwingine wakati wa kungoja. Faini haimo. Wako wasemao kwamba kwa sababu hiyo tajiri mkubwa haogopi, maana kuvunja sheria kunamgharimu kidogo kuliko kuwa na chama kiwandani. Nasi twaona wana hoja.

Lakini asidhani dobi yule kwamba amepata wakili wake. Mshauri Mkuu anashtaki kwa ajili ya umma, na aweza kupatana na tajiri kwa masharti ambayo mlalamikaji mwenyewe hayapendi. Na kama mkuu wa mkoa ataona kwamba lalamiko halina msingi, atalikataa. Mlalamikaji ana wiki 2 za kukata rufani. Rufani hiyo yaenda wapi? Yaenda Washington, katika ofisi ya Mshauri Mkuu huyo huyo. Akisema la, basi ndiyo la. Haendi kwa Halmashauri, wala mahakamani. Mahakama Kuu ilikwisha kusema mwaka 1967 kwamba uamuzi wake wa kutotoa hati hauchunguzwi na waamuzi. Tafakarini maana yake. Wajumbe 5 wa Halmashauri, ambao magazeti huwataja na matajiri huwaogopa, hawawezi kuligusa lalamiko ambalo mtu mmoja amelilaza.

Wala si malalamiko machache. Katika mwaka wa fedha wa 2024 yaliyopelekwa yalipita 21,000, na kwa kawaida zaidi ya nusu huondolewa na wenyewe au hukataliwa. Mengi katika hayo yalistahili kukataliwa, kwa maana mtu aweza kufukuzwa kwa uvivu akasema ni kwa ajili ya chama. Kila mmoja wetu aliyewahi kukaa mapokezi anajua kwamba si kila barua yenye machozi ina haki. Twasema tu kwamba hapo ndipo mahali ambapo haki ya wengi huishia, kwa heri au kwa shari, na ni mahali pasipo wasikilizaji.

Jambo moja laweza kuwapendeza hasa wanachama wanaotunza faili. Mwaka 1975 Mahakama Kuu iliulizwa kama karatasi za siri za Mshauri Mkuu ziweza kuombwa na watu. Waamuzi wakatenga namna 2. Karatasi inayoeleza kwa nini shauri limefungwa lazima ifunuliwe, kwa kuwa ndiyo hukumu ya mwisho atakayoipata mtu yule. Karatasi inayoagiza shauri lifunguliwe yaweza kufichwa, kwa kuwa ni silaha ya wakili anayekwenda vitani. Sisi twaliona hilo kuwa neno la busara sana. Mtu aliyekataliwa apewe walau sababu yake. Mwenzetu wa ile nyongeza hakupewa hata hiyo.

Nguvu nyingine ya ofisa huyu ni waraka. Anawaandikia wakuu wa mikoa barua za mwongozo: mashauri ya namna hii yapelekeni mbele, ya namna ile yaleteni Washington kwanza nitazame. Waraka hauibadili sheria, lakini wajumbe wa Halmashauri hawawezi kuamua jambo ambalo halikuletwa mbele yao, kwa hiyo anayeandika waraka ndiye anayewapangia chakula. Ndiyo sababu kila chama cha siasa kinapoingia Ikulu ya Washington hukitazama kiti hiki kwa jicho kali. Jennifer Abruzzo, aliyethibitishwa na Seneti Julai 2021, alitoa nyaraka nyingi za kuipanua sheria upande wa wafanya kazi. Februari 2025 William Cowen, aliyekaimu baada yake, akazifuta nyingi katika hizo kwa waraka mmoja.

Kuhusu kutengwa kwake na Halmashauri, mambo hayakwenda shwari tangu mwanzo. Wa kwanza chini ya sheria mpya alikuwa Robert Denham. Yeye na Halmashauri hawakupatana juu ya maana ya sheria, wala juu ya mipaka ya kazi zao. Mafahali wawili katika zizi moja. Jambo lenyewe ni gumu kwa asili, kwani idara ya Mshauri Mkuu ndiyo pia inayokwenda mahakama za rufani kuzitetea hukumu za Halmashauri. Leo wakili anaiomba Halmashauri imhukumu tajiri, Halmashauri inakataa, kesho wakili wa idara ile ile anasimama mbele ya waamuzi kueleza kwamba Halmashauri ilifanya vema kukataa. Kazi hiyo yataka mtu mwenye koo laini. Mwaka 1950 Truman alipeleka mpango wa kukirudisha cheo hiki chini ya Halmashauri, Seneti ikaukataa. Basi Septemba mwaka ule akamtaka Denham ajiuzulu, naye akajiuzulu.

Kisa hicho kilionyesha kwamba kutengwa na Halmashauri si kutengwa na Rais. Miaka mingi ilipita bila jambo hilo kujaribiwa tena. Kisha tarehe 20 Januari 2021, siku ile ile aliyoapishwa, Rais Biden alimwondoa Peter Robb, ambaye alikuwa amebakiza miezi kama 10. Mahakama ya rufani mwaka 1922 isingaliwaza habari hizi, lakini mwaka 2022 iliulizwa, ikajibu kwamba Rais anayo ruhusa. Januari 2025 Rais Trump akamwondoa Abruzzo kwa njia ile ile. Waliofurahi mara ya kwanza walisikitika mara ya pili, na waliosikitika wakafurahi. Sisi twaona kwamba muda wa miaka 4 ulioandikwa katika sheria umekuwa kama tarehe iliyoandikwa juu ya chupa ya dawa: yaonyesha mwisho wake, haizuii mtu kuimwaga kabla.

Sasa turudi kwa jamaa zetu, watumishi wa serikali, walioachwa nje mwaka 1935. Wao walingoja hata mwaka 1978, wakati wa Rais Carter, ndipo ikatungwa sheria yao na kuundwa Mamlaka yao ya Uhusiano wa Kazi kwa watumishi wa serikali kuu. Mfano ulichukuliwa kutoka kwa ndugu yake mkubwa: wajumbe wa kuamua upande huu, na Mshauri Mkuu wa Sheria upande ule, wa kuteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti, kwa miaka 5, na sheria yenyewe ikasema wazi kwamba Rais aweza kumwondoa wakati wowote. Mgomo kwa watumishi hawa ni haramu. Tarehe 3 Agosti 1981 waongozaji wa ndege waligoma. Baada ya siku 2 Rais Reagan akawafukuza zaidi ya 11,000, na Oktoba Mamlaka ile ikakiondolea chama chao haki ya kuwasemea watu wake. Twalitaja hili ili mwanachama asidhani kwamba mlango wa mashtaka hufunguliwa kwa ajili ya wafanya kazi tu. Hufunguliwa pande zote.

Ikiwa mtumishi amekatazwa kugoma, ni nini kilichobaki mkononi mwake? Imebaki karatasi. Akionewa na mkubwa wake kwa ajili ya chama, anaandika lalamiko, analipeleka ofisi ya mkoa, na kwa sheria hii hakuna awezaye kutoa hati ya mashtaka ila Mshauri Mkuu au anayekaimu nafasi yake. Sikilizeni basi yaliyotokea. Novemba 2017 aliyekuwa akikaimu alimaliza muda ulioruhusiwa na sheria. Jina la mtu mpya lilipelekwa Seneti baadaye, lakini halikuthibitishwa. Kiti kikabaki kitupu mwaka 2018, na 2019, na 2020, hata Machi 2021 alipowekwa kaimu mpya, Charlotte Dye.

Katika miaka ile zaidi ya 3 kazi ya ofisi za mikoa haikusimama. Fomu zilipokewa, wachunguzi waliwahoji watu, waliandika taarifa, walisema hapa lipo jambo na hapa halipo. Pale mkubwa wa idara alipokubali kupatana, palipatikana mapatano. Lakini mkubwa mwenye ujanja alijua kwamba asipokubali hatapelekwa popote, maana hakuna mkono wa kutia sahihi. Hata aliyekataliwa na mkoa akakata rufani, rufani yake haikuwa na wa kuisoma. Mamia ya malalamiko yakakusanyika. Hakuna sheria iliyofutwa. Hakuna haki iliyotangazwa kuwa imekwisha. Wajumbe wa kuamua walikuwapo, mahakimu walikuwapo, makarani walikuwa wakipiga mihuri ya tarehe ya kupokelewa kila asubuhi.

Wako wanaosema dawa ni kumruhusu kila mlalamikaji aende mwenyewe mbele ya hakimu. Tumelifikiri, na hatuna hakika. Malalamiko 21,000 yakimwagwa mbele ya mahakimu wachache pasipo kuchujwa, yenye haki yatazama pamoja na yasiyo na haki, na dobi wetu atarudi kusimama peke yake mbele ya mawakili wa hoteli. Mchujaji anahitajiwa. Ila twaona kwamba pasiwe na mchujaji mmoja tu asiye na wa kumrudia, na kwamba sheria inayofunga mlango wote kwa ufunguo wa mtu mmoja ilipaswa kusema ufunguo utashikwa na nani siku mtu huyo hayupo, na kwa siku ngapi lalamiko laweza kulala kabla halijaruhusiwa kwenda mbele lenyewe. Kamati yetu ikipata tena kuitwa kutoa maoni juu ya baraza lolote la malalamiko ya watumishi, hayo mawili tungependa yaulizwe kabla ya kuuliza majina ya watakaokaa vitini.

Bwana Mwenyekiti, tulikuwa nayo hayo. Mwanachama mwenye swali na asimame.